Aliyeniita Msituni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, siku ya Ijumaa, saa tatu kasorobo asubuhi, niliitwa kwa jina langu ndani ya msitu wa kando ya kijiji cha Hewani. Saa hiyo nina hakika nayo: umande ulikuwa haujakauka, na mbega wekundu walikuwa bado wakiota jua vileleni, jambo wasilolifanya jua likishapanda.

Siku hizo msitu haukuwa na lango wala wageni wenye darubini. Tuliingia kukata ukindu wa mikeka, na bibi aliyenilea alikuwa na mwiko mmoja: msituni mtu haitwi kwa jina. Ukimtaka mwenzio, unagonga shina mara mbili, naye anajibu kwa kugonga.

"Jini likilijua jina lako," alisema, "litakuita kwa sauti ya umpendaye. Ukiitika, mjukuu wangu, mkeka wako nitaulalia mimi."

Niliwafuata mbega hadi nikampoteza bibi. Ndipo nikaisikia sauti yake, imepasuka: "Bakari. We Bakari."

Mdomo ulishafunguka; mwiko ukaufunga. Hatua kumi mbele yangu kichaka kilitikisika, akainuka nyati dume, masikio ameyaelekeza kwenye sauti. Sauti ikaita tena, naye akaanza kuifuata.

Kama anamwendea jini au bibi, sikujua. Niliokota gongo, nikagonga mkuyu mara mbili. Nyati akageuka kunitazama. Kule mbele sauti ikakatika. Kisha bapa la panga likagonga shina, mara mbili. Nyati alisimama kati ya milio ile, akapiga chafya, akateremkia mtoni.

Nilimkuta bibi macho mekundu.

"Jini limeniita, bibi."

"Uliitika?"

"Sikuitika."

"Vyema," akasema, akajitwika ukindu wake. "Nyumbani tusilitaje."

Leo msitu ni hifadhi, na kisa nilichowahi kuwasimulia wenzangu kimefika mbali. Kijana anayewatembeza wageni huwaonyesha mkuyu ule, akisema jini liliita pale jioni. Nilipomsahihisha alicheka: "Babu, wageni washawaona mbega. Waachie na jini."

Kibao cha langoni nacho kinasema hivyo hivyo. Nilikisoma mwenyewe, maana kusoma nilijifunza nikiwa na mvi. Kimekosea mawili. Haikuwa jioni, ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Wala halikuwa jini, kwa kuwa jini lisingelia. Aliyeita ni bibi yangu, ambaye hakuwahi kuuvunja mwiko wake ila siku aliyodhani amenipoteza.