Sir Goddy alinifundisha kutengeneza website, kumbe alikuwa ananifanya dalali wake

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya hapa jukwaani, miaka sasa. Leo naandika kwa sababu nimechoka kulisimulia jambo hili jikoni kwangu peke yangu. Sijatia chumvi popote. Yote yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Babati, na niliowataja wakitaka kubisha waje wabishe.

Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia.

Nakaa Singe. Maisha yangu yote nimelima mahindi na mbaazi, mpaka bodaboda iliponigonga nikitoka mnadani. Mguu sasa una chuma ndani. Daktari akasema kuinama na jembe basi tena.

Mkulima anaelewa hayo maneno ni mazito kiasi gani. Mikono ina nguvu, kichwa kizima, halafu unakaa kibarazani unaangalia watu wengine wanapalilia shamba lako, tena wanapalilia vibaya.

Nikaona tangazo kwenye status ya mtu. Jifunze web design ukiwa nyumbani, huhitaji elimu kubwa. Kazi ya kukaa. Nikapiga simu.

Akapokea dada anaitwa Careen, ndiye wa usajili. Nikamwambia ukweli kwamba niliishia la saba.

"Mama, hata la nne tunapokea," akasema. "Una simu? Una bando? Basi una chuo."

Nikacheka. Huyu Careen mshikeni, nitarudi kwake.

Mume wangu, Baba Lucy, aliuliza swali moja tu. "Hiyo kompyuta ndiyo itapalilia?" Lakini wiki hiyo hiyo akauza mbuzi, laptop used ikaingia ndani. Sijawahi kumsikia akilalamika kuhusu wale mbuzi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Chuo chenyewe kilikuwa group la WhatsApp. Mwalimu anajiita Sir Goddy, jina lake kamili Godlisten. Anatuma video, anatuma PDF za Kiingereza, anatuma voice akiwa anatafuna kitu.

Nisimpunje, kazi aliijua. Nami nilijifunza kweli.

Kuna siku nilishinda mchana kutwa nataka maandishi yawe ya kijani, yanakataa. Nimeandika colour, kama ilivyo kwenye madaftari ya zamani ya shule ya mwanangu Lucy. Kumbe kompyuta yenyewe inataka color, bila hiyo u. Nilipoifuta ile herufi na ukurasa ukageuka kijani, nilimwita Baba Lucy aje aone. Akasimama mlangoni na jembe begani akasema, "Ni kijani kweli." Kwa mwanaume wa Kimbulu hiyo ni hotuba.

Sasa hapa ndipo nataka mnielewe.

Sir Goddy ni kijana wa rika la kifungua mimba wangu. Tangu siku ya kwanza hajawahi kunipa shikamoo. Ananiita student. "Student wa Babati, umefika wapi?" Na mimi mtu mzima naitikia, "Nipo Sir."

Kwa nini? Kwa sababu sisi tuliosoma shule za fimbo tulifundishwa kwamba mwalimu hajibizwi. Neno mwalimu likishatajwa, goti linainama lenyewe. Yeye alilijua hilo na alilitumia.

Kuna mwenzetu mmoja kwenye group aliuliza vizuri tu kuhusu domain, yaani ile anwani ya website, "Sir, hizi domain za wateja tutakaowapata zitaandikwa kwa jina la nani?"

Baada ya dakika tukaona ameondolewa. Kisha voice ikaingia: "Darasa langu halina wanasheria. Tuendelee."

Tukaendelea.

Mwisho wa kozi ukaja mtihani, yeye anauita project. Kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli mtaani kwake, amtengenezee website bure. Si ya mfano, ya kweli, yenye biashara inayoendelea. Domain na hosting, yaani mahali website inapokaa mtandaoni, chuo kitashughulikia. Ukipata mteja umefaulu, ukikosa hupati cheti.

Mimi nikaenda kwa Mama Boay.

Mama Boay ana guest house pale Bonga, kandokando ya barabara ya Dodoma. Tuko jumuiya moja ya kanisa, tumezikiana, tumepikiana kwenye ubarikio wa watoto. Nilipomweleza alinikagua juu mpaka chini.

"Mama Lucy wa mbaazi?"

"Huyo huyo."

"Na bei?"

"Bure. Ni mtihani wangu."

"Bure," akasema, akaizungusha mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "Haya, piga picha. Ila kile chumba cha mwisho usipige, pazia lake halijafuliwa."

Nilipiga picha vyumba, nikapiga maua, nikapiga chapati zake. Ile website ilikuwa nzuri wakuu, siyo kwa sababu ni yangu. Mama Boay alifurahi mpaka akamwita fundi rangi aandike anwani yake kwenye kibao cha barabarani, herufi kubwa, dereva wa lori aisome bila kupunguza mwendo. Na watu wakaanza kupiga simu. Kuna kikundi cha semina kutoka Dodoma walipanga kulala pale wote.

Mimi nikapewa cheti. Kina mhuri wa dhahabu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Boay akaja nyumbani. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Careen ni nani wako?" akaniuliza.

Nikasema ni wa usajili pale chuoni.

"Ananipigia kila wiki. Anasema website ni mali yao, nilipie matengenezo kila mwezi. Nimekataa. Sasa fungua hiyo kompyuta yako uone."

Nikafungua. Chapati hazipo. Maua hayapo. Ukurasa mwekundu, maandishi meupe: TOVUTI HII IMEFUNGWA. MMILIKI HAJALIPA.

Mama wa watu, mwenye heshima yake, anatangazwa mdaiwa sugu mbele ya dunia, na kibao chake mwenyewe cha barabarani kinaelekeza watu wakasome. Wale wa semina waliposoma wakadhani guest imefungwa, wakalala kwingine.

"Nilijiuliza bure gani hii," akasema. "Sasa nimejua hukuja peke yako."

"Mama Boay, mimi sijui lolote."

"Ulikuja kwangu na mguu unachechemea, nikakuonea huruma. Kumbe ulikuwa kazini."

Akaondoka. Wakuu, mimi kugongwa na pikipiki nimekujua. Yale maneno yaliuma kupita hapo.

Jumapili yake kwenye jumuiya nilipokaa, mama mmoja akavuta mkoba wake karibu, akasema kwa sauti ya utani, "Angalieni simu zenu, Mama Lucy amekuja." Wakacheka. Mama Boay hakucheka. Alikuwa anaangalia kitabu cha nyimbo kilichofungwa.

Nikampigia Sir Goddy.

"Student, ile project ni ya chuo," akasema. "Hukusoma vigezo na masharti?"

"Vilikuwa vya Kiingereza."

"Hilo ni la kwako."

"Mama Boay hajasoma kwako. Hajakubali chochote."

"Mteja wa student ni mteja wa chuo. Usinijibu, mimi ni mwalimu wako."

Nikamuuliza, "Godlisten, mama yako yupo hai?"

"Anaingiaje hapa?"

"Nakuuliza kama yupo."

"Yupo."

"Mpigie leo. Mwambie kuna mwanamke wa umri wake huko Babati umemwita student mwaka mzima, ukamtuma kwa jirani yake akakufungulie mlango uibe. Umsikie atakujibu nini."

Akakata. Akaniblock. Kwenye group nikaondolewa.

Lakini wenzangu namba zangu walikuwa nazo, wakaanza kunitafuta mmoja mmoja. Singida, duka la vifaa vya ujenzi. Kahama, chekechea ya watoto. Wote yale yale: mwanafunzi katafuta mteja, domain imeandikwa kwa jina la Godlisten, Careen anapiga simu, ukikataa ukurasa unageuka mwekundu. Hakuwa na chuo yule. Alikuwa na madalali nchi nzima, na tulikuwa tunamlipa ada ili tuwe madalali wake.

Sisi watu wa huku kiwanja hatununui bila majirani kushuhudia mipaka. Lakini kitu chenye jina la mtu na biashara ya mtu tulimkabidhi kijana ambaye hata sura yake tuliiona kwenye profile tu.

Mafaili yote ya kazi nilikuwa nayo kwenye flash. Niliijenga upya website, picha kwa picha. Anwani ya zamani haikupatikana, Godlisten ameikalia mpaka leo. Ikabidi nichague jina lingine ambalo halijachukuliwa.

Nikaenda Bonga na fundi rangi wangu mwenyewe. Mama Boay alitoka, akaona tunafuta kibao, akasimama pale akiangalia. Fundi alipomaliza kuandika anwani mpya nikamwomba Mama Boay anipe dakika na simu yake. Nikasajili domain kwa jina lake, email yake, namba yake. Ikafika mahali pa kuweka password.

"Andika wewe," nikamwambia. "Mimi usinionyeshe."

Nikageuka, nikaangalia malori. Aliandika polepole, nasikia kidole kinagonga kioo, kinafuta, kinaanza tena.

"Tayari," akasema.

Hakunikaribisha chai. Aliingia ndani na simu yake akafunga mlango.

Wakuu, nilichojifunza mimi ni hiki. Mtu anayekufundisha kwa mbali muulize maswali yote, na ukiona muulizaji anatolewa kwenye group, wewe toka naye siku hiyo hiyo. Kulipa ada hakumaanishi umekabidhi mdomo. Na domain ya mteja iandikwe kwa jina la mteja, awepo, aone.

Namba za Godlisten na Careen siziweki hapa kwa sababu ya sheria za jukwaa. Picha ya ukurasa mwekundu ninayo.

Aliyetengenezewa website bure na mwanafunzi wa mtu, aangalie leo hii imeandikwa kwa jina la nani, kisha aandike hapa chini amekuta nini. Na wewe uliyesoma kwa Sir Goddy, najua mpo humu, usinitumie pole. Nenda kwa mteja wako ukamwambie kabla Careen hajampigia. Kwangu mimi, Mama Boay alijua kwanza kwa Careen, na mpaka leo tukikutana njiani ananisalimia kama wanavyosalimiwa wageni.