Mpaka Ndani ya Maji

Ziwa lilipopanda hapa Sori, lilimeza boma letu na kuua miti yote ya mpakani. Ikabaki imesimama majini, mikavu, bila jani. Jirani yetu alikata yake yote mara moja. Sikumlaumu. Miti ile ilikuwa inararua nyavu, na kuni za kukaangia samaki zilikuwa shida.

Mume wangu naye akanoa panga. Nikamwambia, "Baba watoto, ile iliyo kwenye njia ya mashua kata, hata kuni nitabeba mimi. Lakini ya mpakani usiguse! Maji yakirudi nyuma, tutajuaje kwetu ni wapi?"

Jirani alicheka sana. Eti nalinda shamba la samaki.

Mwaka huu maji yamerudi nyuma kweli, yakaacha tope tupu, hakuna nyumba wala njia. Miti yetu bado imesimama kwenye mstari wake, na ndani ya mstari huo nimeshapanda sukuma wiki.

Juzi jirani alikuja na kamba. Akaifunga kwenye mti wetu wa mwisho, aanze kupima akitafuta kwao. Zamu ya kucheka ilikuwa yangu. Nilicheka, halafu nikamshikia kamba.