Sindano ya Pili

Binti yangu alikuwa na miaka sita taya lilipoanza kuvimba. Tulidhani ni jino. Mng'oa meno wa sokoni Magwagwa akaling'oa, uvimbe ukazidi tu, hadi jicho likaanza kufumba. Ndipo nikambeba mgongoni mpaka hospitali, Kisii mjini. Miaka hiyo ya sitini neno saratani sikulijua. Daktari aliniambia ni ugonjwa mbaya, lakini dawa ipo.

Akamdunga sindano. Jamani! Siku ya nne jicho likafunguka. Baada ya wiki mbili uso ulikuwa wake tena, anakula ugali, anafukuza kuku wa wenyewe. Daktari akanionya, "Mama, usidanganyike. Ugonjwa bado umo ndani, hauonekani tu. Mrudishe mwezi ujao, na mwingine, na mwingine."

Nikaitikia ndiyo, daktari. Sabato iliyofuata nikamsimamisha mtoto mbele ya kanisa, nikashuhudia kwamba Mungu amemponya kabisa. Watu walilia, wakamshika shavu mmoja mmoja. Sasa niambie, siku ya sindano ya pili ningepitaje naye barabarani, wote wanaona ninamrudisha hospitali? Wangesema nimetoa ushuhuda wa uongo. Nikakaa nyumbani. Kiburi changu, si kingine.

Miezi mitatu hivi, uvimbe ukarudi. Nilimkimbiza Kisii mchana kweupe, anayeniona na anione. Sindano ikawa ile ile, na haikufanya lolote. Nikamfokea daktari, "Umempa maji!" Hakukasirika. Alisema chembe dhaifu za ugonjwa zilikufa mara ya kwanza. Zilizobaki ni zile sugu, dawa haiziwezi, na hizo ndizo zilizozaana. Zilitakiwa kupigwa mfululizo zikiwa bado chache, na ikiwezekana kwa dawa mbili pamoja. Akaagiza dawa nyingine kutoka Nairobi.

Ilipofika, uvimbe ulinywea kidogo. Mtoto akaanza kunisumbua, "Mama, si nimepona? Twende nyumbani." Kila asubuhi, twende nyumbani. Nikamwambia wee, nyamaza, safari hii hatuondoki mpaka daktari aseme. Nilikuwa mkali, Mungu anisamehe. Wiki ya tatu hata kusema aliacha, akawa ananionyesha mlango kwa kidole.

Asubuhi moja daktari akaja akasema dawa zimeshindwa, naweza kumpeleka nyumbani. Nikakusanya nguo zake haraka haraka. Nilipogeuka kumvika, alikuwa amekufa.