Sanamu ya Mama Kwenye Kipilefti

Juzi nilipita Kasulu nikakuta vijana wanapaka rangi sanamu mpya, na harufu ile ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni, katika mji wetu mdogo njiani kuelekea Manyovu.

Baba alikuwa fundi mwashi. Mwaka aliofariki mama, wakubwa wa mji walimpa kazi ya kujenga sanamu ya saruji kwenye kipilefti cha makutano ya barabara: mwanamke aliyebeba kikapu cha maharage. Baba akampa sura ya mama. Mimi nilikuwa nimeambiwa mama amesafiri, kwa hiyo nilipomwona pale niliamini ndiko alikofikia, na kila nikitoka shule nilimwamkia.

Mvua za miaka miwili zilimpasua. Mchana ule likaja trekta na kamba. Baba alikimbia na karai la saruji mbichi, akapiga magoti mbele ya afisa wa mji aliyekuja na trekta.

"Mheshimiwa, nipe siku mbili tu. Nitamziba mwenyewe."

"Fundi, itamwangukia mtu. Matengenezo hayakuwekwa kwenye mpango."

Kamba ikakazwa shingoni mwa mama. Nikasikia mlio kama wa chungu kinachopasuka, kisha vumbi likatanda. Wakampakia kwenye tela.

"Baba, wanampeleka hospitali?"

Alijifuta saruji iliyoanza kumkaukia mikononi.

"Ndiyo, mwanangu."

Leo najua kwamba tela lile lilikwenda kumwaga kifusi kwenye mashimo ya barabara. Siku ile nilifurahi. Nilikimbia nyumbani peke yangu, nikamtandikia mama kitanda.