Kasha la Kijani

Siku ile kwenye kibanda chetu cha kupaka rangi fanicha, Keko, tulikuwapo wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, fundi aliyenifundisha kazi ya kupiga msasa, na mama muuza chai ambaye kila asubuhi huweka birika lake karibu na mlango wetu. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alitia mkono, hata mama wa chai aliyetia maneno tu.

Juu ya meza, mahali ambapo kwa kawaida hulazwa milango ya makabati, palikuwa na kasha tupu la kompyuta. Mpangaji mwenzetu alimwachia mdogo wangu kompyuta hiyo alipohama, lakini chumba chetu kinavuja, na msimu mmoja wa masika ulitosha kulijaza kasha kutu. Ndani ilikuwa nzima. Mdogo wangu alifungua kila kitu, akakipiga picha kwa simu waya kwa waya, akavilaza vyote kitandani juu ya khanga ya marehemu mama.

Mwenye duka mmoja wa Tandika alikuwa amemkubalia kona ya kuchapia watu barua. Alipoiona ile kutu, akasita.

"Mwanangu, wateja watadhani nauza vyuma chakavu. Jumatatu nitakuja kwenu kuitazama. Isipopendeza, kona nampa muuza vocha."

Wazazi walipofariki niliacha shule ili mdogo wangu amalize. Alimaliza, akajifunza kompyuta, kisha akakaa nyumbani akibisha hodi kila mahali kwa simu. Kona ile ilikuwa ya kwanza kumwitikia.

"Lete hapa," fundi alisema Jumamosi ile. "Nimepaka vitanda vya maharusi Temeke nzima, nishindwe na kibati?"

Mdogo wangu alitaka kijani cha mlango wa chumba tulichokulia. Fundi hakuwahi kuuona mlango huo. Alichanganya rangi, akaweka tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akamwonyesha.

"Hii?"

"Ilikuwa imeiva zaidi, fundi."

Akaongeza nyeusi kidogo. "Na hii?"

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa.

Nikaanza kupiga msasa, mkono ukienda mbele na kurudi kama nilivyozoea kwenye mbao. Fundi akacheka. "Bwana mdogo, unafuata uzi wa mbao gani humo? Bati halina uzi. Zungusha mkono!"

Kumbe na yeye mazoea yalikuwa yanamsubiri. Alipulizia rangi mkono wa kwanza, mzito, kama anavyofanya kwa mbao isiyopakwa bado. Chai haijapoa, rangi ikaanza kutiririka, ikaning'inia matone kwenye ukingo wa chini.

"Fundi, limelia hilo," alisema mama wa chai. "Bibi harusi wako kalia hata kwao hajatoka."

"Mama, juzi chai yako haikuwa na tangawizi, nilisema?"

"Ulisema. Na ukaomba kikombe cha pili."

Mdogo wangu hakucheka. "Fundi, Jumatatu ni keshokutwa."

Fundi aliweka bomba lake la kupulizia chini. "Mbao hunywa," alisema taratibu. "Nimekinywesha kitu kisichokunywa. Lazima ikauke ndipo tuikwangue. Kesho."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Fundi huimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na Jumapili kibanda hakifunguliwi. Nilishawahi kumwona akimrudisha mteja aliyekuja na gari la kubebea kitanda. Lakini alikuja, suruali ya kwaya ameikunja hadi magotini. Tulikwangua matone yote, kisha akapulizia kidogo kidogo, kama umande, akisubiri kila mkono ukauke. Akisubiri, aliimba besi yake peke yake, wimbo usio na sauti ya juu.

Jumatatu mwenye duka alikuja, akapitisha kidole kwenye kasha, akakitazama kidole.

"Mmenunua jingine?"

"Ni lile lile, mama."

"Basi kesho uje nalo."

Mdogo wangu yuko pale mpaka leo, na kasha halijapata kutu tena.

Nilipomuuliza fundi nimlipe nini, alisema, "Binti yangu akiolewa, kabati lake la vyombo utalipiga msasa wewe. Kwa mkono. Mashine siitaki."

"Anaolewa lini?"

"Muulize mwenyewe, yuko chekechea."

Sasa yuko shule ya msingi. Jioni hupita kibandani na begi lake mgongoni, ananiamkia, "Shikamoo kaka," nami naitikia huku nikivitazama viganja vyangu. Namwomba Mungu avitunze. Kabati lile bado sijalipiga msasa.