Dume wa babu alinadiwa kanisani, akarudi zizini kwetu. Sasa imefika zamu yangu

Wakuu, salaam kutoka Bariadi. Shule niliishia la saba, mniwie radhi kwenye uandishi. Nasimulia nilichokiona mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nyumbani ni Nkololo. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba ndio wanaanza kuingia vijijini na mizani zao, ushirika umelegea, baba yangu aliamua kubatizwa.

Hakulazimishwa na mtu. Mafundisho alishamaliza.

Shida ikawa dume.

Kwetu Wasukuma kuna ng'ombe anatengwa kwa jina la marehemu. Huyu alikuwa wa babu, tukamwita Guku, yaani babu. Hauzwi, hachapwi. Mvua ikichelewa, wazee wanaenda kuongea naye.

Katekista akamwambia baba amtoe kwanza huyo ng'ombe.

(Katekista hakuwa mtu mbaya, nisimwonee. Mama alipougua, yeye ndiye alimbeba kwa baiskeli mpaka hospitali.)

Baba akamjibu, "Nikimuuza, nimemuuza baba yangu. Nikimchinja, nimemla."

Sengi, yaani shangazi yetu, alikuwa ameachika, anaishi kwetu na analima pamba yake. Akacheka. "Basi mpe huyo Mungu wako. Tuone atamlaza wapi."

Alikuwa anamkejeli kaka yake. Baba akaona ni jibu.

Jumapili ya mavuno akamswaga Guku mpaka kanisani. Mnajua sadaka za mavuno hunadiwa nje baada ya ibada: kuku, viazi, mtama. Ilipofika zamu ya Guku, watu wakarudi nyuma. Walimjua. Aliyetaja bei ni mchinjaji mmoja tu, mgeni kutoka Lamadi.

Baba akageukia ukuta.

Ndipo Sengi, ambaye kanisani hakuwahi kukanyaga, akatokea na hela ya pamba kwenye pindo la kanga. Mchinjaji akapandisha, naye akapandisha, mpaka fundo likaisha. Mchinjaji akaacha.

Katekista akamwambia, "Sengi, umenirudishia tatizo langu."

"Si lako tena. Nimemnunua kwa Mungu."

Guku akalala zizi lilelile. Na kwa kuwa hakuwa tena wa baba, baba akabatizwa, akaitwa Yohana.

Tangu hapo hakukosa ibada. Lakini asubuhi akifungua zizi nilikuwa namsikia, taratibu, "Mwangaluka, baba," salamu yetu ya asubuhi. Kama alikuwa anasalimia tu au anaomba, sijui. Sikumuuliza.

Baba ameshafariki. Guku naye alishakufa, ila Sengi alichagua dume wa uzao wake, akamtenga kwa jina la kaka yake. Anamwita Yohana. Jina la ubatizo, wakuu!

Juzi akaniita, kazeeka, anataka huyo dume nimchukue mimi.

Mimi ni mwanakwaya. Nilikwenda nikiwa na jibu kamili kwamba haiwezekani. Nikaingia zizini nimtazame tu. Akainua kichwa.

Kabla sijafikiri, nikasikia mdomo wangu: "Mwangaluka, baba."

Nilichojifunza ni kidogo. Baba nilimwona kama ana mioyo miwili. Sasa sina uhakika hata na wangu mmoja.

Jumapili ni mavuno, na nikimpeleka kanisani kama baba, Sengi hana tena pamba ya kumkomboa. Mliolelewa na kanisa na ng'ombe kwa pamoja, nishaurini. Hata mkinisema, nitasoma yote.