Baba Mdogo Laurenti na Tanga la Turubai

Jumamosi, 8 Novemba. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma.

Nimeanua turubai la kuanikia mihogo, ikanipiga harufu ya nailoni mbichi na unga uliochacha, nikamkumbuka baba mdogo Laurenti. Tena redioni wamemsifu mama mmoja wa nchi ya kisiwa kidogo: ameshindana boti za tanga maisha yake yote, hajashinda, na kwao wamempokea kwa ngoma. Huenda sikusikia vizuri, redio yetu inakwaruza. Lakini nilicheka. Ngoma za nini?

Wa kwetu alikuwa Laurenti. Alikaa kisiwani Ukerewe miaka miwili tu, akarudi hapa Bisibo na kofia na cheo: mshindani wa matanga. Jembe hakushika, eti linaharibu mkono wa kamba. Sisi tunapalilia, yeye yuko juu ya kichuguu anapima upepo kwa kidole chenye mate. Nisimsingizie, upepo aliupatia. Ila mahindi yetu yalikuwa na shida gani na upepo?

Baba, kaka yake, akachoka. "Nenda kashindane. Ukishinda, sikusemeshi tena habari ya jembe. Ukishindwa, Jumatatu uko shambani."

"Kaka, andaa mbuzi," akajibu, bila hata haya.

Akachukua turubai la mama, akashona tanga. Tukapanda lori la mahindi hadi ziwani, mimi nikiwa na miaka tisa.

Mitumbwi ilikuwa saba. Ilianza kwa upepo wa nchi kavu, na kwa kweli Laurenti aliongoza. Kufika saa sita upepo ukageuka, ukavuma kutoka ziwani, kama unavyofanya huko kila siku. Wenzake sita wakageuza matanga. Yeye akabaki kuusubiri ule aliouzoea kichuguuni kwetu.

"Jamani, yule anaanika mihogo ziwani!" mchuuzi mmoja akapiga kelele. Ufuko mzima ukacheka.

Boti ya injini ikaenda kumvuta, akakataa. Alifika watu wameshatawanyika, mwamuzi anakunja meza yake. Baba alikuwa amesimama majini hadi magotini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Jumatatu."

Na Jumatatu alikuja, saa kumi na mbili kamili. Akalima mistari iliyopinda, wa mwisho kila siku, mpaka mavuno. Hakulalamika.

Nimemdharau tangu siku ile na sijaacha. Mtu mzima kukariri upepo wa kijiji kimoja! Lakini nikiandika lazima niandike yote. Kelele zile zilipoanza, nilijificha nyuma ya lori nisijulikane ni mtoto wa nani. Yeye alikuwa katikati ya maji, kila mtu anamwona, na hakushusha tanga. Hilo nimelielewa nikiwa nimeshapata watoto wangu, na sijui kama nimelielewa sawasawa.

Jioni tumekula ndizi na maharage. Nimemwita Laurenti mwenyewe, mzee sasa, akala sahani mbili.